Kutafuta Chanzo cha Vaskulitisi ya Mishipa Midogo: Mwongozo kwa Matabibu wa Hospitali za Wilaya

Vaskulitisi ya mishipa midogo ni hali ambayo kuta za mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko yote, yaani kapilari na vijishipa vinavyopakana nazo, hushambuliwa na chembe nyeupe za mwili wenyewe hadi zikavuja damu au zikaziba. Kwa kuwa mishipa hiyo imeenea mwilini kote, ugonjwa waweza kuishia kwenye ngozi, na waweza pia kuharibu figo, mapafu, utumbo na neva kwa wakati mmoja. Jina vaskulitisi, hata linapothibitishwa na maabara, linaeleza kilichoupata mshipa bila kueleza kilichosababisha. Mshipa ulioharibiwa kutokana na homa ya ini C, kidonge cha salfa au saratani ya damu waweza kuonekana vilevile chini ya hadubini, ilhali prednisoloni, dawa ambayo wengi huikimbilia, yaweza kumtuliza mgonjwa mmoja na kumwua mwingine mwenye maambukizi ambayo hayajagunduliwa. Chanzo hutafutwa kwa mpangilio, na hatua zenye thamani kubwa zaidi, yaani masimulizi ya mgonjwa, vidole vya tabibu na kipimo cha mkojo, zimo katika kila hospitali ya wilaya. Vipimo ghali vya kingamwili vikitangulia hatua hizo, mara nyingi huleta mkanganyiko kuliko jibu.

Dalili inayomleta mgonjwa hospitalini mara nyingi ni purpura, nayo ni madoa ya damu iliyovujia ndani ya ngozi, ambayo hayafifii yakibonyezwa. Madoa ya vaskulitisi hupenda sehemu ambazo damu hutuama kwa uzito wake, kwa hiyo hutokea chini ya magoti na kuzunguka vifundo vya miguu, na kwa mgonjwa aliyelazwa kitandani siku nyingi hutokea kiunoni na kwenye makalio. Vitabu vingi vya tiba huonyesha madoa haya kwenye ngozi nyeupe, ambako huwa mekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa ya zambarau iliyokolea, ya kahawia au meusi kabisa, na wekundu unaoyazunguka waweza usionekane hata kidogo. Ndiyo maana tabibu hapaswi kuyategemea macho peke yake. Apitishe ncha za vidole polepole juu ya ngozi akitafuta vinundu vilivyoinuka, abonyeze kioo cha hadubini juu ya doa aone kama rangi inabaki, kisha akague nyayo, viganja, kaakaa na sehemu ya ndani ya kope, ambako rangi ya ngozi haifichi mengi. Purpura iliyoinuka huelekeza kwenye vaskulitisi, na ile iliyo bapa kabisa huelekeza zaidi kwenye upungufu wa chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda.

Kabla ya kutafuta chanzo cha vaskulitisi, ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba kilichopo si ugonjwa mwingine unaofanana nayo na unaoua kwa saa chache. Mgonjwa mwenye homa, shingo iliyokakamaa, kuchanganyikiwa au shinikizo la damu lililoshuka, ambaye madoa yake yanaongezeka mbele ya macho, achukuliwe kuwa ana maambukizi ya bakteria wa meningokoki mpaka ithibitike vinginevyo, na apewe antibiotiki ya mshipani papo hapo bila kungoja majibu ya maabara. Katika Afrika Mashariki na Kongo kuna tahadhari nyingine isiyoandikwa katika vitabu vingi vya Ulaya: homa zinazoambatana na kutokwa damu. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na Uganda na Kongo zimekabiliana na Ebola mara kadhaa, kwa hiyo mgonjwa mwenye homa na madoa ya damu aliyetoka eneo lenye mlipuko atengwe kwanza, ndipo achunguzwe. Baada ya hapo kipimo cha picha kamili ya damu kitaonyesha kama chembe sahani zimepungua, na zikiwa zimepungua sana, njia ya uchunguzi inageuka, kwa kuwa vaskulitisi yenyewe kwa kawaida haizipunguzi. Kiseyeye, yaani upungufu wa vitamini C, nacho husahaulika: huleta vidoa vya damu kuzunguka mashina ya vinyweleo na ufizi unaovuja, na mzee anayeishi peke yake kwa chai na ugali mtupu aweza kuwa nacho.

Ikishaonekana kwamba dalili ni za vaskulitisi kweli, swali linalofuata si la chanzo bali ni la kiwango cha madhara, nalo hujibiwa na mkojo. Figo haziumi zinapoharibiwa na ugonjwa huu. Mgonjwa aweza kutembea mwenyewe hadi kliniki, akalalamikia madoa ya miguuni tu, huku vichujio vya figo zake vikiendelea kufa katika muda wa siku au wiki chache. Kila mgonjwa mwenye purpura apimwe mkojo kwa kijiti, apimwe shinikizo la damu na kreatinini, na kipimo cha mkojo kirudiwe hata kama cha kwanza kilikuwa safi. Kijiti kikionyesha damu na protini, mkojo uliotolewa muda huohuo utazamwe kwa hadubini na mtu anayejua anachotafuta: chembe nyekundu zilizopindika umbo kwa kupenya kwenye kichujio kilichochanika, na hasa chembe nyekundu zilizogandamana kwa umbo la mirija midogo ya figo zilimopitia. Mirija hiyo ya chembe ikionekana, figo ndizo zinazovuja, na mgonjwa huyo hapaswi kurudishwa nyumbani kungoja miadi ya mwezi ujao.

Hapa pana mtego wa mahali. Pemba, Unguja, ukanda wa pwani na maeneo mengi ya bara yana kichocho cha mkojo, na damu kwenye kijiti huweza kupuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ni kichocho, au kinyume chake, kichocho kikadhaniwa kuwa ugonjwa wa figo. Damu ya kichocho hutoka kwenye kibofu, mara nyingi huonekana mwishoni mwa kukojoa, na chembe zake nyekundu huwa na umbo la kawaida. Mayai ya mdudu hutafutwa kwenye mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati yanapotoka kwa wingi zaidi. Mtu mmoja aweza kuwa na magonjwa yote mawili, kwa hiyo kupatikana kwa mayai hakufuti haja ya kupima kreatinini.

Masimulizi ya dawa yanahitaji subira kuliko sehemu nyingine yoyote ya uchunguzi, kwa sababu mgonjwa akiulizwa kama anatumia dawa hujibu kwa zile alizoandikiwa na daktari tu, akaziacha alizonunua dukani, alizopewa na jirani na za mitishamba. Tabibu aulize kila kitu kilichomezwa, kilichodungwa au kilichopakwa katika wiki nne zilizopita, na ikiwezekana amwombe ndugu alete vifuko na chupa zote kutoka nyumbani. Vaskulitisi ya ngozi inayotokana na dawa kwa kawaida huanza siku 7 hadi 10 baada ya dawa kuanza kutumiwa, au mapema zaidi kama mgonjwa aliwahi kuitumia zamani. Zinazoshukiwa mara nyingi ni penisilini na jamaa zake, dawa za salfa, ikiwemo kotrimoksazoli ambayo watu wengi wanaoishi na VVU huitumia kila siku kama kinga, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Ugumu ni kwamba antibiotiki hutolewa kwa sababu ya maambukizi, na maambukizi yenyewe yaweza kuwa ndiyo chanzo. Tarehe zikiandikwa kwa mfuatano, ya koo kuuma, ya kidonge cha kwanza na ya doa la kwanza, mara nyingi mpangilio hujieleza.

Kundi la pili la dawa halifuati kanuni ya siku 10. Hidralazini inayotumika kushusha shinikizo la damu, na dawa za kupunguza nguvu ya tezi la shingo, hasa propilthaiourasili na kwa kiasi kidogo kabimazoli, zaweza kuleta vaskulitisi ya figo na mapafu baada ya miezi au hata miaka ya matumizi yasiyo na shida. Mgonjwa wa namna hii huwa na kingamwili zilezile zinazoonekana kwenye vaskulitisi za asili, kwa hiyo asipoulizwa kuhusu dawa zake za siku nyingi atapewa jina la ugonjwa wa maisha, ilhali hatua ya kwanza ya tiba yake ilikuwa ni kuiacha dawa moja. Kokeini pia imo katika kundi hili, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo, nayo huleta vidonda vyeusi masikioni na mashavuni.

Maambukizi ndiyo chanzo kinachopaswa kutafutwa kwa bidii kubwa kuliko vyote, kwa sababu yanatibika na kwa sababu tiba ya vaskulitisi huyachochea. Vipimo vya VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende vifanywe kwa kila mgonjwa mtu mzima. Homa ya ini C huungana na vaskulitisi kupitia krayoglobulini, yaani protini za kinga ambazo huganda damu inapopoa na kuyeyuka inapopata joto. Protini hizo hukwama kwenye mishipa midogo ya miguu na kuleta purpura, maumivu ya viungo, uchovu, ganzi ya nyayo na wakati mwingine ugonjwa wa figo. Damu ya kupima krayoglobulini ichukuliwe kwa bomba lililopashwa joto na itunzwe kwenye nyuzi 37 mpaka igande na kutenganishwa, kwa sababu ikipoa njiani protini inayotafutwa hubaki kwenye donge la damu na jibu hurudi likisema hakuna. Majibu mengi ya hakuna ni ya namna hiyo. Pale ambapo usafirishaji wa aina hii hauwezekani, protini ya kinga iitwayo C4 ikiwa chini mno, na kipimo cha rumatoidi kikiwa chanya kwa mtu asiye na baridi yabisi, huielekeza shaka upande huohuo. Ugunduzi huu una faida kubwa, kwa kuwa homa ya ini C sasa huponywa na vidonge vya wiki 8 hadi 12, na mara nyingi vaskulitisi hupungua pamoja nayo.

Uambukizo wa vali za moyo unastahili aya yake. Bakteria walioota kwenye vali huimwagia damu vipande vyao bila kukoma, mwili huvijibu kwa kingamwili, na mchanganyiko wa vitu hivyo viwili hutuama kwenye ngozi na figo, ukaleta purpura, damu kwenye mkojo na protini za C3 na C4 zilizoshuka. Baadhi ya wagonjwa hawa huwa pia na kingamwili za ANCA, zinazoelezwa hapa chini, jambo ambalo limewapotosha matabibu wengi wakawapa dawa za kukandamiza kinga watu waliohitaji antibiotiki. Katika nchi ambazo vijana wengi wana vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, mgonjwa yeyote mwenye vaskulitisi na homa ya wiki kadhaa asikilizwe moyo kwa makini, achukuliwe damu ya kuotesha mara 3 kabla ya antibiotiki yoyote, na afanyiwe kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti.

Kifua kikuu nacho hufanana na vaskulitisi na wakati mwingine huisababisha. Mgonjwa anayekohoa damu na mwenye mashimo mapafuni, katika eneo lenye kifua kikuu kingi, atafikiriwa kwanza kuwa na ugonjwa huo, na hiyo ni haki. Makohozi yake yapimwe kwa GeneXpert. Lakini vipimo vikirudi safi mara mbili, na tiba ya kifua kikuu ikatolewa wiki nyingi bila nafuu, huku pua ikitoka magamba ya damu, masikio yakiziba na mkojo ukiwa na damu, tabibu akubali kwamba ameshika njia isiyo yake. Ugonjwa wa kushukiwa hapo ni aina ya vaskulitisi yenye vinundu vya chembe za kinga kwenye njia ya hewa, ambayo zamani iliitwa kwa jina la Friedrich Wegener, tabibu Mjerumani aliyeieleza katika miaka ya 1930, na jina hilo liliachwa mwaka 2011 kutokana na uhusiano wake na chama cha Nazi. Sasa huitwa granulomatosisi yenye poliangiitisi.

Ni katika hatua hii, na si kabla yake, ndipo kipimo cha ANCA kina maana. ANCA ni kingamwili zinazozishambulia nyutrofili, chembe nyeupe ambazo ni askari wa mbele wa mwili, na zilielezwa kwa mara ya kwanza Australia mwaka 1982 kwa wagonjwa wachache wa figo, kabla ya watafiti wa Uholanzi na Denmark kuzihusisha na ugonjwa wa Wegener mwaka 1985. Zina shabaha kuu mbili, PR3 na MPO, na tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2017 inashauriwa maabara ipime shabaha hizo moja kwa moja. Kipimo kikiwa chanya kwa kiwango kikubwa, kwa mgonjwa mwenye figo au mapafu yanayoharibika, kina uzito mkubwa. Kikiwa chanya kidogo kwa mtu mwenye purpura ya ngozi tu, anayetibiwa kifua kikuu, uzito wake ni mdogo sana. PR3 na MPO zikiwa chanya kwa pamoja kwa mgonjwa mmoja, dawa ishukiwe kwanza. Na kipimo kikiwa hasi hakiondoi ugonjwa, kwani aina nyingine ya vaskulitisi zinazohusishwa na ANCA, ile inayoanza na pumu ya ukubwani na eosinofili nyingi kwenye damu, huwa hasi kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Aina hiyo ni ngumu kuitambua katika nchi za joto, ambako eosinofili hupandishwa na minyoo. Choo kipimwe na minyoo itibiwe, kisha damu irudiwe.

Kwa mtoto, hasa aliye chini ya miaka 10, mambo huwa mepesi zaidi. Mtoto aliyepata mafua au koo kuuma wiki moja hadi tatu zilizopita, kisha akapata purpura ya miguuni, maumivu ya tumbo na magoti yaliyovimba, karibu kila mara ana vaskulitisi ya IgA, iliyopewa zamani majina ya Schönlein na Henoch, na hahitaji vipimo vingi. Anachohitaji ni kuangaliwa tumbo, kwa kuwa utumbo waweza kujiingiza ndani yake wenyewe, na kupimwa mkojo na shinikizo la damu mara kwa mara kwa miezi 6. Mtu mzima mwenye ugonjwa huohuo asichukuliwe kwa wepesi huo, kwani figo zake huharibika mara nyingi zaidi.

Lupasi hutafutwa kwa mwanamke kijana mwenye vidonda vya kinywani, nywele zinazokatika, viungo vinavyouma na C3 na C4 zilizoshuka pamoja. Ugonjwa wa rumatoidi huleta vaskulitisi baada ya miaka mingi ya viungo vilivyopinda, kwa hiyo huwa haujifichi. Saratani za damu na za mitoki zifikiriwe kwa mzee ambaye purpura yake hurudi kila mara, anayepungua uzito na mwenye picha ya damu isiyo ya kawaida.

Kipande cha ngozi ndicho kinachothibitisha, lakini wakati wa kukichukua huamua kama kitasema kitu. Doa lililochaguliwa liwe limetokea ndani ya saa 24 hadi 48, liwe limeinuka na lisiwe na kidonda, na vichukuliwe vipande viwili vya milimita 4. Kimoja hutiwa kwenye fomalini, nacho huonyesha nyutrofili zilizosambaratika kwenye ukuta wa mshipa. Cha pili, kutoka doa changa zaidi, hupimwa kwa mwanga wa kingamwili ili kuonekana kama IgA au protini nyingine imetuama humo, na hicho kisitiwe kwenye fomalini kamwe, kwani huharibika. Kisafirishwe kwenye maji ya chumvi na kufika maabara ndani ya siku moja, au kwenye kimiminika maalumu cha Michel kama safari ni ndefu. Kipande kilichochukuliwa kwenye doa la siku 5 kwa kawaida hurudisha jibu lisilosaidia.

Kuna wagonjwa ambao hawawezi kungoja mpangilio wote huu. Kreatinini inayopanda siku hadi siku, kukohoa damu huku himoglobini ikishuka, au mguu unaolegea ghafla kwa sababu neva imekosa damu, ni hali zinazohitaji sitiroidi nyingi ndani ya siku ileile baada ya damu ya kuotesha, vipimo vya virusi na sampuli ya ANCA kuchukuliwa. Mgonjwa apewe pia ivermektini kabla au pamoja na dozi ya kwanza, kwa sababu mnyoo wa strongiloidi, unaoweza kuishi kimya utumboni kwa miongo, husambaa mwilini kwa namna ya kuua kinga inapokandamizwa. Aliye na homa ya ini B aanzishiwe dawa ya virusi.

Kwa takriban nusu ya wagonjwa wazima ambao ugonjwa wao umebaki kwenye ngozi, chanzo hakipatikani hata baada ya uchunguzi kamili, na wengi wao hupona ndani ya wiki chache kwa kupumzisha miguu na kuacha dawa iliyoshukiwa. Hawa wapimwe mkojo kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi hadi mwezi wa 6. Anayepelekwa hospitali ya rufaa aandamane na barua yenye tarehe ya doa la kwanza, orodha ya dawa zote na tarehe zilipoanza, majibu ya mkojo wa kwanza na wa mwisho, kreatinini zote kwa mfuatano wake, na maelezo ya kama sitiroidi ilitolewa kabla ya kipande cha ngozi kukatwa au baada yake.